Bangili ya nyanya: Dhahabu ni akiba au ni mapambo tu?

Mpenzi msomaji, Jumapili hii nakuomba uniwie radhi, kwani nitaanzia nyumbani kwetu. Mwezi wa Oktoba 2025 binti ya mjomba wangu alikuwa na wiki mbili tu za kukamilisha karo ya chuo kikuu. Tulikuwa tumempigia vigelegele na kumpikia pilau, na kabla masufuria hayajaoshwa mjomba akatoa karatasi mfukoni. Karo, chumba, vitabu na kipakatalishi, jumla ilikuwa shilingi 150,000. Mjomba ana kazi, naam, lakini ni kazi ya mshahara unaopokelewa asubuhi na kwisha jioni. Kila mmoja akawa anatazama sahani yake.

Nyanya yangu hakusema neno. Alipaka sabuni mkononi, akaivua bangili yake ya dhahabu na kuiweka mezani katikati ya sahani.

"Ya kwanza ilimsomesha baba yake," akasema. "Hii nayo imsomeshe yeye. Ila msiniletee pesa za kuibiwa."

Bangili zilikuwa mbili. Babu, aliyekuwa kuli wa bandari ya Kilindini, alimvisha nyanya walipooana Mombasa mwaka 1966. Ya kwanza iliuzwa Januari 1994, mjomba alipoitwa kidato cha kwanza, ikamlipia karo na kumnunulia sanduku la bati, godoro na viatu. Kwa kuwa mimi ndimi ninayeandika habari za pesa za nyumbani gazetini, familia ikaamua kwamba mimi ndimi niende na nyanya kuiuza hii ya pili. Ni rahisi kuandika, msomaji, lakini kusimama mbele ya sonara ni jambo jingine kabisa.

Tulianza na duka moja la katikati ya jiji la Nairobi lenye vioo na taa nyingi. Kijana aliyetupokea aliigeuza bangili mara mbili mkononi, akasema ni ya zamani, ni karati 18, imechakaa, atatupa 150,000. Hakuiweka kwenye mizani wala hakuipima kwa chochote. Nami nikiri hapa kwamba moyo wangu uliruka, maana ndizo pesa tulizokuwa tukizitaka, shilingi kwa shilingi. Ningekuwa peke yangu ningeuza. Nyanya aliinyakua bangili yake, akamwambia kijana, "Ahsante mwanangu," akatoka.

Duka la pili waliipima mbele yetu. Ikawa gramu 19.8. Wakasema wananunua kwa shilingi 11,500 kila gramu, yaani 227,700. Duka la tatu lilikuwa chumba kidogo ghorofani, na mzee mwenye miwani aliyemwamkia nyanya kwa "Shikamoo mama" kabla ya kuuliza shida yetu. Aliikwaruza bangili juu ya jiwe jeusi, akadondosha asidi kwenye alama ile ya manjano, akangoja. Kisha akaiweka ndani ya mashine ya miale inayosoma madini yaliyomo. Karati 22, akasema. Bei yake ilikuwa shilingi 13,600 kwa gramu, jumla 269,280.

Bangili ni ile ile na siku ni ile ile. Tofauti kati ya duka la kwanza na la tatu ilikuwa shilingi 119,280, nazo zingepotea kwa sababu ya aibu yangu ya kuuliza maswali mawili: ina uzito gani, na ni karati ngapi?

Basi hebu tuyafafanue hayo mawili, maana bila ya hayo hakuna akiba ya dhahabu. Karati ni kipimo cha usafi. Dhahabu tupu ni karati 24. Karati 22 maana yake katika sehemu 24, dhahabu ni 22 na zilizobaki ni shaba, fedha au madini mengine ya kuipa ugumu. Ndiyo sababu utaona imepigwa muhuri wa 916, yaani sehemu 916 katika elfu. Karati 18 ni 750, karati 14 ni 585, na karati 9, ambayo imejaa madukani humu mwetu, ni 375. Msomaji anayejivunia pete ya karati 9 ajue kwamba zaidi ya nusu ya pete hiyo si dhahabu. Muhuri nao ni neno tu la aliyeupiga. Aweza kupiga namba yoyote.

Bei ya dunia hutajwa kwa dola na kwa wakia, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Mwezi huo wa Oktoba 2025 wakia moja ilipita dola 4,000 kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe. Ukigawanya dola 4,000 kwa 31.1 unapata takriban dola 128.60 kwa gramu. Zidisha kwa 129, kiasi cha shilingi tulizokuwa tukilipa dola moja, unapata karibu shilingi 16,600 kwa gramu ya dhahabu tupu. Kwa karati 22, zidisha kwa 22 na kugawanya kwa 24: shilingi 15,200. Mwanafunzi yeyote wa darasa la nane angeifanya hesabu hiyo kwa simu, na mimi sikuifanya hadi tulipokuwa tumeshatoka duka la kwanza.

Kwa hiyo mzee wa ghorofani alitupa 13,600 kwa kitu cha 15,200. Je, alitupunja? La. Sonara naye hula. Ana kodi ya duka, ana hasara ya kuyeyusha, na bei yaweza kuanguka kabla hajaiuza. Lakini kumbuka tofauti hiyo, nitairudia.

Sasa tuulize swali lenyewe. Je, babu alifanya vyema mwaka 1966 kununua bangili badala ya kuweka noti?

Wakati huo dunia ilikuwa na bei rasmi ya dhahabu, dola 35 kwa wakia, bei iliyowekwa na Marekani mwaka 1934. Shilingi yetu ya Kenya, iliyozaliwa mwaka huo huo wa 1966, ilikuwa 7.14 kwa dola. Wakia nzima ya dhahabu kwa hiyo ilikuwa shilingi 250 tu. Dhahabu iliyokuwamo katika bangili moja, tukikadiria gramu 20, haikupita shilingi 150, ukiacha ujira wa fundi. Hizo 150 babu angeziweka kwenye mkebe, leo nyanya angenunua pakiti moja ya unga wa mahindi. Nazo ni kama noti zenyewe zingekubaliwa! Baadhi yenu mnakumbuka tarehe 1 Oktoba 2019, noti kuukuu za shilingi 1,000 zilipogeuka karatasi tupu kwa amri, na waliokuwa wamezificha godoroni wakabaki nazo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakinena juu ya nafaka ghalani na labda riale chini ya kitanda. Noti huoza, msomaji, ila huoza polepole kiasi kwamba mtu hausikii uvundo.

Lakini kuna mwaka mmoja ambao uvundo ulisikika nchi nzima, nao ni 1993. Mwisho wa 1992 dola moja ilikuwa takriban shilingi 36. Mwisho wa 1993 ilikuwa takriban 68, na katikati ya mwaka ilikuwa imepanda hata kupita hapo. Mfumko wa bei ulikaribia asilimia 46. Wazazi wetu walikwenda dukani wakakuta sukari ya jana si ya leo. Sababu zilikuwa nyingi: pesa zilizochapishwa kwa ajili ya uchaguzi wa 1992, wafadhili waliofunga mifereji, na kashfa ya Goldenberg. Na hapa pana kejeli ambayo huwa inanikeketa. Kampuni ya Goldenberg International ililipwa fidia ya asilimia 35 kutoka hazina ya umma kwa dhahabu na almasi iliyodaiwa kuuzwa ng'ambo, ilhali nchi yetu haina almasi ya kutajika, na dhahabu yake ni ile kidogo ya Kakamega na Migori. Tume ya Jaji Samuel Bosire iliyachunguza hayo kuanzia 2003. Yaani dhahabu isiyokuwapo ilisaidia kuiangusha shilingi ya Wakenya wote, na dhahabu iliyokuwapo, gramu 20 mkononi mwa mama mmoja wa Mombasa, ikamwokoa kijana wake.

Hesabu ni hii. Desemba 1992 dhahabu ya bangili ile ilikuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Desemba 1993, kwa kuwa shilingi ilikuwa imeanguka na bei ya dunia imepanda kidogo, ilikuwa na thamani ya zaidi ya 15,000. Nyanya alilipwa 12,500 Januari iliyofuata. Jirani yake, mwenye akiba ya fedha taslimu ya 7,000, alikuwa bado na 7,000, na karo haikumsubiri.

Hapo msomaji mwenye pupa atakuwa ameshavaa viatu kukimbilia kwa sonara. Tulia kwanza.

Dhahabu haizai. Ng'ombe huzaa, nyumba huleta kodi, hisa za chama cha ushirika huleta gawio, hati za hazina huleta riba. Bangili ukiiweka sandukuni miaka kumi utaikuta ni bangili moja. Faida yake yote iko katika bei, na bei hiyo ina vitimbi. Tarehe 21 Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa wakia, watu wakapanga foleni kununua, na wengi wao walikuwa wale wanaonunua kwa sababu jirani kanunua. Kisha ikaanza kuteremka. Mwaka 1999 ilikuwa karibu dola 250. Aliyenunua siku ile ya 1980 alingoja hadi Januari 2008, miaka 28, kuziona tena dola zake 850, na kwa miaka yote hiyo hata dola yenyewe ilikuwa ikipungua nguvu. Tena ikapanda hadi kama 1,900 mwaka 2011, ikaanguka hadi kama 1,050 mwishoni mwa 2015. Ndipo ikaanza safari hii tunayoiona.

Kwa sisi wa shilingi, mna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Bei yetu ni bei mbili zilizozidishwa, ya dhahabu kwa dola na ya dola kwa shilingi. Mwishoni mwa Januari 2024 wakia ilikuwa kama dola 2,030 na dola ilikuwa shilingi 160. Wakia moja kwa hiyo ilikuwa takriban shilingi 325,000. Miezi miwili baadaye dhahabu ilikuwa imepanda hadi kama dola 2,210, redio zikishangilia. Lakini shilingi yetu nayo ilikuwa imepata nguvu ghafla hadi kama 132, na wakia ikawa shilingi 292,000 tu. Mtu alinunua kitu, kitu kikapanda bei dunia nzima, naye akapata hasara ya elfu thelathini na ushei. Ukimweleza jambo hilo mtu wa sokoni atakuona una wazimu, ila ndivyo ilivyokuwa.

Kwa nini basi ilipanda hivi karibuni? Jibu moja ni benki kuu za mataifa. Kwa miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Zilikuwa zimeona mwaka 2022 jinsi Urusi ilivyofungiwa akiba yake iliyokuwa katika benki za Magharibi baada ya kuivamia Ukraine. Dhahabu iliyo ghalani mwako hakuna anayeweza kuifungia kwa barua. Nadhani nyanya yangu angeielewa hoja hiyo upesi kuliko wataalamu wengi.

Na fedha je? Nasema fedha madini, ile nyeupe. Lugha yetu ina siri yake hapa, kwani sisi huita sarafu na noti "fedha" kwa jina la madini yale yale, kumbukumbu ya siku ambazo riale ya Maria Theresa na rupia vilikuwa fedha kweli kweli, na mtu akivipima kwa mizani. Lakini kwa akiba ya nyumbani fedha ina taabu zake. Huingia weusi. Viwanda huitumia sana, hasa vya sola na vya vyombo vya umeme, hivyo bei yake hurukaruka kuliko ya dhahabu. Kisha ni mzigo: kwa dola 50 kwa wakia, bei iliyoikaribia mwaka 1980 na kuivuka Oktoba 2025, thamani ya bangili moja ya nyanya ingehitaji takriban kilo moja na nusu ya fedha. Mwanamke gani atakimbia na kilo moja na nusu mkononi nyumba ikiungua?

Turudi kwa dhahabu na kwa anayetaka kununua. Mkufu wa dukani unaulipia vitu vitatu: dhahabu, ujira wa fundi, na kodi ya VAT ya asilimia 16. Siku ya kuuza, viwili vya mwisho havirudi. Ujira wa mkufu wenye nakshi nyingi waweza kuwa mkubwa ajabu, na vijiwe vilivyopachikwa sonara huving'oa na kuviweka kando kabla ya kupima. Kwa hiyo ukinunua kwa ajili ya akiba, nunua kitu sahili na kizito cha karati 22, si chepesi chenye maua. Bibi zetu wa Pwani waliopenda bangili nene zisizo na nakshi hawakuwa washamba. Dai risiti iliyoandikwa uzito kwa gramu, karati, na bei ya gramu siku hiyo, kila kimoja peke yake. Sonara anayekataa kuitenganisha bei ya dhahabu na ujira wake, mwache na dhahabu yake.

Kwa vijana wanaonisoma kutoka mabwenini, jaribio hili la fizikia mnaweza kulifanya wenyewe. Tafuteni mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pimeni pete au bangili kavu. Kisha wekeni bakuli la maji juu ya mizani, irudisheni hadi sufuri, na mning'inize pambo hilo kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayosomeka ni ujazo wa pambo kwa sentimita za ujazo. Gawanyeni uzito kwa ujazo. Dhahabu ya karati 22 hutoa kati ya 17 na 18, na dhahabu tupu 19.3. Shaba iliyopakwa rangi hutoa kama 8 au 9 na kuaibika papo hapo. Bangili ya nyanya ilitoa 17.7, nami nikalala vizuri. Ila jihadharini: bangili yenye uwazi ndani hudanganya jaribio hili, na vipande vinene vya matapeli huenda vimejazwa tangsteni, ambayo uzito wake unakaribiana sana na wa dhahabu. Kwa hivyo, mashine ya sonara na asidi bado zina kazi.

Nimewataja matapeli. Nairobi yetu, kwa bahati mbaya, imejipatia jina duniani kwa dhahabu bandia. Hadithi ni moja kila mara: mzigo umetoka Kongo au Sudan Kusini, umekwama uwanja wa ndege, mwenyewe anauza kwa bei ya chini ya soko, ila kwanza ulipie "ushuru" au "ghala" au "vipimo". Polisi wa upelelezi wamenasa mara kwa mara masanduku ya vipande vya shaba vilivyong'arishwa. Fikiri tu, msomaji: dhahabu ina mnunuzi kila mji wa dunia hii kwa bei inayotangazwa kila siku. Mwenye kilo kumi halisi ana sababu gani ya kukuuzia wewe kwa nusu bei, wewe uliyekutana naye kwenye hoteli?

Wapo wanaoniuliza kama yawezekana kuwa na dhahabu bila kuishika. Tangu 2017 Soko la Hisa la Nairobi limeorodhesha vipande vya NewGold, ambavyo kila kimoja hufuata bei ya takriban sehemu moja ya mia ya wakia. Hakuna mwizi wa kuvunja mlango, hakuna ujira wa fundi. Lakini unahitaji wakala wa hisa na ada zake, na kwa miaka mingi wanunuzi na wauzaji wamekuwa wachache, hivyo siku ya haja huenda ukangoja. Na kwa pesa za karo ya mwaka kesho, mimi binafsi nisingeziweka kwenye dhahabu ya aina yoyote. Ningeziweka kwenye hati za hazina za Benki Kuu, zinazonunuliwa sasa kuanzia shilingi 50,000, ambako najua nitapata nini na siku gani. Dhahabu ni ya shida isiyo na tarehe. Sehemu moja katika kumi ya akiba yako, au iwe kidogo zaidi kama mume na mke mmeafikiana, yatosha. Niliyemwona akiuza shamba ili anunue dhahabu kwa sababu imefika dola 4,000 nilimwonea huruma, kwani ndivyo walivyofanya wale wa 1980.

Na kwa ndugu zetu Waislamu, msisahau kwamba dhahabu ya akiba ikifika gramu 85 na kukaa mwaka ina zaka yake ya asilimia mbili na nusu.

Sasa nimalizie habari ya ghorofani, maana nilikuwa karibu kufanya kosa la pili siku hiyo hiyo. Mpango wangu ulikuwa tuuze bangili yote kwa 269,280, tulipe 150,000 za chuo, na zilizosalia, 119,280, tumnunulie nyanya bangili nyembamba asikae mkono mtupu. Niliona nimepiga hesabu ya mtu aliyesoma. Mzee akatuonyesha bangili ya gramu 6 ya karati 22. Dhahabu shilingi 91,200, ujira 5,000, na kodi juu yake: jumla 111,592.

Nyanya akanitazama. "Mjukuu wangu, tumeuza gramu kwa elfu kumi na tatu na mia sita. Hii tunanunua gramu kwa ngapi?"

Niligawanya kwa simu. Ilikuwa karibu 18,600. Shilingi elfu tano zinapotea kwa kila gramu kati ya mkono wa kutoa na mkono wa kupokea, katika dakika kumi, juu ya meza moja.

"Nani kasema nataka kuuza bangili nzima?" akauliza, na kumgeukia mzee. "Baba, huna msumeno?"

Mzee alicheka hadi akavua miwani. Akasema wateja wa sikuhizi hawaulizi hivyo, ila mamake aliuliza hivyo hivyo. Walikubaliana bila mimi. Aliikata bangili, akanunua gramu 11.7 kwa bei ile ile ya 13,600, ikawa shilingi 159,120. Zile gramu 8.1 zilizobaki ataziyeyusha na kuzifua upya kuwa bangili nyembamba, kwa ujira wa shilingi 7,000 na kodi yake, jumla 8,120. Kwa kuwa dhahabu ni ya nyanya mwenyewe, kodi ilikuwa juu ya kazi tu. Tukabaki na 151,000 mkononi. Karo ikatimia, na elfu moja ya nauli.

Wiki moja baadaye tulikwenda kuichukua. Mizani ilisoma gramu 8.0 kamili, nukta moja ikiwa imepotelea motoni kama mzee alivyotuonya. Kwa njia yangu mimi angekuwa na gramu 6 na chenji ya shilingi 7,688, isiyotosha hata gramu moja.

Nyanya aliivaa hapo hapo dukani, bila sabuni safari hii. Kisha akaomba risiti, akasogea dirishani, akaisoma yote, akairudisha kwa mzee kwa sababu alikuwa ameandika uzito akasahau kuandika karati.

Tukutane Jumapili ijayo.